Kabla ya Kusema Mtoto Hawezi, Tazama Nati



Ndugu wasomaji, mama mmoja wa huku kwetu ametuletea swali ambalo, tukilitazama vyema, ni swali la nyumba nyingi. Anasema mwanawe wa kiume, mwenye umri wa miaka 16, aliletewa skeitibodi na mjomba wake aliyerudi safari, naye amejifunza kuipanda vizuri katika uwanja wa saruji ulio karibu na kwao. Sasa binti yake wa miaka 9 naye ameingiwa na hamu. Lakini kila apandapo, ubao humpeleka moja kwa moja kama garimoshi lililo juu ya reli. Akitaka kukata kona, ubao haukubali, akijilazimisha, huanguka. Kaka yake ameshatoa hukumu kwamba huyu hawezi. Bibi yao naye amesema kwamba tangu hapo mchezo huu si wa mtoto wa kike. Mama anauliza: amkataze, au amwache aendelee kuanguka hadi achoke mwenyewe?

Jawabu letu ni kwamba asifanye lolote katika hayo mawili kabla ya kuupindua ubao na kutazama kilichofungwa chini yake. Kwa maelezo aliyoyatoa, dalili zote zaonyesha kwamba binti huyu hana kasoro. Amepandishwa juu ya chombo kilichokazwa kwa ajili ya mwili wa mtu mwingine. Wazee wetu walisema mti hauendi ila kwa nyenzo. Nasi twaongeza kwamba nyenzo nayo haifai ila ilingane na anayeitumia. Juma hili, basi, tutaieleza nyenzo hiyo sehemu baada ya sehemu, ili mzazi yeyote, hata asiyewahi kushika spana, aweze kuikagua na kuirekebisha nyumbani kwake.

USUKANI USIOONEKANA

Chini ya kila skeitibodi pana vyuma viwili, kimoja karibu na ncha ya mbele na kingine karibu na ncha ya nyuma, navyo ndivyo vinavyoyashika magurudumu manne. Kila kimoja huitwa traki. Watu wengi hudhani kazi ya traki ni kushika magurudumu tu, kama ilivyo ekseli ya mkokoteni. Lakini mtazame hamali anapotaka kupinda na mkokoteni wake: ekseli haigeuki hata kidogo, naye hulazimika kuuzungusha mkokoteni mzima kwa nguvu za mikono yake. Skeitibodi haina mahali pa kushika, wala haina usukani. Anayeipanda huegemeza mwili upande mmoja, na traki huupokea uzito ule na kuugeuza kuwa kona. Akiegemea kulia, gurudumu la kulia la mbele na la kulia la nyuma husogeleana, yale ya kushoto huachana, na ubao hufuata upinde kuelekea kulia. Mwili ndio unaoamuru, na traki ndiyo inayotii.

Ujuzi huu ni wa kale kuliko skeitibodi yenyewe. Mwaka 1863, katika mji wa New York nchini Marekani, James Leonard Plimpton alipata hataza ya viatu vya magurudumu manne ambavyo mvaaji aliweza kukata navyo kona kwa kuegemea tu, kwa kuwa baina ya bamba la kiatu na ekseli palikuwa na mpira uliominyika. Vijana wa California walipoanza, katika miaka ya 1950, kupigilia vyuma vya viatu vya namna hiyo chini ya vipande vya mbao, walirithi pia ujuzi huo. Katika miaka ya 1970 viwanda vikaanza kuunda traki makhsusi kwa skeitibodi, zilizo pana na imara zaidi. Kanuni, hata hivyo, haikubadilika: pana chuma kinachoinama, na pana mpira unaokizuia kisiiname kupita kiasi, kisha ukakirudisha mahali pake.

SEHEMU ZA TRAKI

Msingi wa traki ni kitako, yaani bamba lililobanwa kwenye ubao kwa bolti nne ndogo. Katika kitako huchomoza bolti moja nene iitwayo kingipini, jina ambalo mafundi wa magari wanalijua sana. Vitu vingine hupangwa juu ya kingipini hii kama mishikaki kwenye kijiti, na mwisho wake hufungwa kwa nati kubwa. Nati hiyo ndiyo kiini cha mazungumzo yetu, na katika makala haya tutaiita nati kuu.

Juu ya kingipini huvishwa bushi mbili. Mwenye gari aliyewahi kuambiwa na fundi kwamba bushi zake zimekufa, baada ya gari kuanza kugonga kwenye mashimo, hatahitaji maelezo marefu. Bushi za traki ni ndugu za zile za gari: ni vipande viwili vya mpira mgumu wa poliyurethani, vyenye tundu katikati. Aghalabu ile iliyo upande wa ubao huwa na umbo la pipa, na ile iliyo upande wa ardhi huwa nyembamba kuelekea nje, kama koni iliyokatwa ncha. Nje ya kila bushi huwekwa washa yenye umbo la kisahani, ili mpira ukibanwa usifutuke ovyo.

Katikati ya bushi hizo mbili hukaa henga. Hiki ni kipande kikubwa chenye umbo la herufi T, aghalabu cha aluminiamu, na ndani yake hupita ekseli ya feleji. Henga ndiyo inayoinama mtu anapoegemea. Ina ncha moja butu iingiayo katika tundu la kitako, na ndani ya tundu hilo mna kikombe kidogo cha plastiki au mpira, ili chuma kisisagane na chuma. Henga, basi, imeshikwa mahali pawili: ncha yake imo ndani ya kikombe, na tumbo lake limebanwa na bushi. Kati ya sehemu hizo mbili ndipo linapopatikana lile bembea linaloufanya ubao upinde.

Mwisho ni ekseli yenyewe. Kipenyo chake kwa kawaida ni milimita 8. Kila gurudumu huwa na beringi mbili za namba 608, zenye kipenyo cha nje cha milimita 22 na upana wa milimita 7, na hushikwa na nati ndogo pamoja na washa nyembamba kila upande. Yafaa kuikumbuka namba hiyo, kwani beringi za 608 hutumika pia katika viatu vingi vya magurudumu, na mwenye kuijua hana haja ya kununua gurudumu jipya kwa sababu ya beringi iliyoshika kutu.

KWA NINI UBAO HUMKATALIA MTOTO

Sasa turudi kwa binti. Mtu anapoegemea, uzito wake huiminya bushi upande mmoja, na henga hupata nafasi ya kuinama. Nati kuu ikikazwa sana, bushi huwa imekwisha kuminywa hata kabla mtu hajapanda. Haiwezi kuminyika zaidi ila kwa uzito mkubwa. Kijana wa kilo 60 anao uzito huo. Mtoto wa kilo 25 hana. Kwake yeye traki ile ni jiwe.

Mtoto huyo hafanyi ujinga. Hufanya lile ambalo angelifanya mtu yeyote: aonapo ubao haupindi, huegemea zaidi. Mwili wake hutoka nje ya ukingo wa ubao, ilhali ubao wenyewe umebaki umelala vilevile, na mwisho wake ni chini. Akirudia mara tano, magoti yameshachubuka na moyo umeshavunjika. Watazamaji waliosimama kando hawaioni bushi. Wanamwona mtoto anayeanguka. Hapo ndipo hukumu hutolewa, na mtoto huiamini, kwa kuwa imetoka kwa watu anaowapenda.

Upo uchunguzi mwepesi usiohitaji kifaa chochote. Weka ubao juu ya zulia nene au majani, mahali ambapo magurudumu hayawezi kubingirika. Mshike mtoto mikono yote miwili, asimame juu ya ubao, kisha aegemee taratibu kwenye vidole, halafu kwenye visigino. Mtu mwingine achutame nyuma na kutazama. Ubao ukiinama upande huu na upande ule, kisha ukarudi katikati wenyewe, traki inamfaa mtoto huyo. Ubao usipoinama kabisa, imekazwa kupita uzito wake. Ukianguka upande mmoja ghafla hadi gurudumu likagusa mbao, imelegea mno.

Jambo jingine la kutazama ni jinsi traki zilivyofungwa. Katika skeitibodi za kawaida, nati kuu ya mbele na ile ya nyuma hutazamana, zote zikielekea katikati ya ubao. Ikiwa mtu aliifungua traki nyumbani akairudisha kinyume, itapinda kinyume pia: mtoto ataegemea kulia, na traki hiyo itataka kwenda kushoto. Hakuna ustadi uwezao kuushinda ubao uliofungwa hivyo.

NAMNA YA KUREKEBISHA

Vifaa vinavyohitajika ni vichache, lakini vipimo vyake vina hila. Katika traki nyingi za kawaida, nati kuu ni ya inchi 9/16, nati za ekseli ni za inchi 1/2, na zile za bolti ndogo za kitako ni za inchi 3/8. Spana ya milimita 13 huingia vizuri kwenye nati za ekseli. Lakini kwa nati kuu, spana ya milimita 14 ni ndogo, na ya milimita 15 hulegea na kuzila pembe za nati hadi isishikike tena. Ni afadhali kutafuta spana ya inchi hasa. Baadhi ya mbao za bei nafuu hutumia nati za milimita. Kwa hiyo jaribu kwanza kwa mkono mwepesi kabla ya kutia nguvu.

Pindua ubao, magurudumu yatazame juu. Kabla ya kugusa chochote, weka alama ya rangi kwenye pembe moja ya nati kuu na alama nyingine kwenye washa iliyo chini yake. Tone la rangi ya kucha latosha. Alama hizo zitakuonyesha ulikotoka. Kisha zungusha nati upande wa kushoto robo mzunguko tu. Fanya vivyo hivyo kwenye traki ya pili. Rudisha ubao kwenye zulia, mtoto apande, mtazame tena. Ukihitaji, ongeza robo nyingine. Usilegeze mzunguko mzima kwa pupa, kwani robo moja huleta tofauti ambayo mguu huihisi mara moja. Andika umezungusha robo ngapi, na traki zote mbili ziwe sawa.

Bushi mpya zina tabia ya kujikalia baada ya kutumika siku chache, na nati hapo huonekana kana kwamba imelegea yenyewe. Hilo si kasoro. Ikaze kidogo, kisha uichunguze tena.

Ukiwa na spana mkononi, tazama nati za ekseli pia. Gurudumu likibanwa sana haliendi, na likiachwa huru sana hutikisika na kuziumiza beringi. Kaza nati hadi gurudumu ligome, kisha ilegeze polepole hadi lizunguke huru, likiwa na mwanya mdogo sana ukilivuta kwa vidole. Zile washa nyembamba zisitupwe wala zisisahauliwe. Bila hizo, nati au henga husugua beringi.

Ikiwa traki inalia inapoinama, aghalabu sauti hiyo hutoka katika kikombe cha ncha. Wapandaji wengi hukwangua kipande cha sabuni kavu, wakatia unga wake ndani ya kikombe, na kelele hukoma.

MIPAKA MIWILI ISIYOVUKWA

Ulegezaji una mwisho wake. Ndani ya nati kuu mna pete ya plastiki inayoizuia isifunguke yenyewe. Ncha ya kingipini lazima ifike angalau sambamba na uso wa nati. Ikiwa ncha imezama ndani, pete ile haishiki tena, na nati yaweza kuchomoka mtoto akiwa mwendoni. Kadhalika, nati ambayo imefunguliwa na kufungwa mara nyingi hadi ikazungushwa kwa vidole vitupu imekwisha kazi yake, inunuliwe nyingine. Kamba hukatikia pabovu, na hapa pabovu ni kipande kidogo chenye bei ndogo.

Traki iliyolegea mno huleta hatari mbili. Ya kwanza ni gurudumu kugusa mbao wakati wa kona. Gurudumu husimama ghafla, ubao husimama nalo, na mpandaji hutupwa mbele. Ukipindua ubao ukaona alama nyeusi za msuguano juu ya magurudumu, jambo hilo limeshaanza kutokea. Dawa yake ni kukaza kidogo, au kutia bushi ngumu zaidi, au kuweka kibamba cha plastiki cha kama milimita 3 baina ya kitako na ubao, pamoja na bolti ndefu zaidi, ili kuuinua ubao, au kutumia magurudumu madogo zaidi. Hatari ya pili huja kwenye kasi: traki huanza kuyumba kushoto na kulia, na mtikiso hukua wenyewe hadi mtu aanguke. Kwa sababu hii mtoto anayejifunza asipelekwe kwenye mteremko, hata traki zake ziwe sawa kiasi gani.

Ukazaji nao una mwisho wake. Bushi ikionekana imetokeza nje ya washa kama unga wa mandazi uliobanwa na kifuniko, imepita kiasi, na haitachelewa kupasuka. Yeyote anayelazimika kukaza hadi hapo ahitaji bushi ngumu zaidi, wala hahitaji nguvu zaidi za mkono.

BUSHI KABLA YA NATI

Hapa tumefika kwenye jambo ambalo wauzaji wengi hawalielezi. Nati ni ya marekebisho madogo. Uzito wa mtu hulinganishwa na bushi. Ugumu wa bushi hupimwa kwa namba ifuatwayo na herufi A, na namba ikipanda, mpira ni mgumu zaidi. Kwa makadirio, mtoto mwepesi hufaidika na bushi za baina ya 78A na 85A. Mtu mzima wa uzito wa kadiri hutumia zilizo karibu na 90A. Na mzito huhitaji 94A au zaidi. Mtoto wa kilo 25 akipewa bushi ngumu, hata nati ikilegezwa hadi mwisho, ubao huwa mgumu kisha ukachezacheza bila utulivu, na hapo huwa ana tabu zote mbili kwa pamoja. Akipewa bushi laini, nati yake inaweza kukazwa kwa kiwango salama, na bado ubao ukamtii.

Baadhi ya mbao zinazouzwa kama vitu vya kuchezea huja na bushi ambazo si mpira hasa, bali plastiki kavu. Zibonyeze kwa ukucha. Mpira hukubali kidogo kisha hurudi. Plastiki kavu haisikii. Ubao wa namna hiyo, hata uwe na picha za kupendeza namna gani, haufundishi mtu kupinda. Kubadilisha bushi zake, ikiwa zinabadilika, ni bora kuliko kununua ubao mwingine wa aina ileile.

UBAO MMOJA, WATOTO WAWILI

Katika nyumba ya mama aliyetuuliza, ubao ni mmoja na wapandaji ni wawili. Hapa twaomba pawe na uangalifu mkubwa, kwani linalomwokoa mdogo laweza kumdhuru mkubwa. Traki zilizolegezwa kwa ajili ya kilo 25 zitakuwa kama uji chini ya kilo 60, na kijana aliyezoea kwenda kwa kasi atakutana na ule mtikiso tuliousema. Kwa hiyo isiwe siri. Aliyelegeza na akaze kabla ya kumpa mwenziwe, kwa kuzifuata zile alama za rangi na hesabu ya robo iliyoandikwa. Tena yafaa kazi hiyo afundishwe kijana mwenyewe, amkazie na kumlegezea dada yake. Aliyesema kwamba dada yake hawezi, akiishika nati kwa mkono wake na kuuona ubao ukianza kupinda chini ya miguu ya mdogo wake, hatahitaji kuambiwa tena.

Lakini kufungua na kufunga kila siku huichosha nati. Uwezo ukiruhusu, binti apate ubao wake, hata uliotumika, wenye upana unaolingana na miguu yake. Kanuni ya ununuzi ni kwamba urefu wa ekseli ulingane na upana wa ubao: ukitazama kutoka juu, ukingo wa gurudumu uwe karibu sambamba na ukingo wa mbao. Traki pana mno humpiga mtoto kwenye kifundo cha mguu, na nyembamba mno humwangusha.

CHUMVI YA BAHARI

Sisi wakazi wa pwani tuna adui ambaye wa bara hamjui vyema. Hewa ya chumvi hula feleji, na kingipini, ekseli, nati na beringi zote ni za feleji. Ubao uliolala barazani msimu mzima huweza kuwa na nati isiyozunguka kabisa. Uwekwe ndani, pakavu. Ukipita kwenye maji, upanguswe kwa kitambaa kikavu siku hiyohiyo. Mchanga wa ufukweni usikaribie beringi. Nati iliyoshika kutu itiwe mafuta ya kulegezea, iachwe usiku kucha, na yaliyomwagika yafutwe yasikae kwenye bushi. Beringi zisioshwe kwa maji, wala zisitiwe mafuta ya kupikia, ambayo huganda na kunasa vumbi. Tone moja la mafuta mepesi ya mashine latosha.

Na mahali pa kuchezea pawe saruji laini, tambarare, mbali na njia ya tuktuk na bodaboda. Mtoto avae helmeti na vikinga magoti na viwiko. Nguo yake iwe ya stara, lakini isifike kwenye magurudumu; suruali pana chini ya kanzu fupi yafaa, na mtandio ufungwe vizuri chini ya helmeti, pasipo pini mahali inapobana kichwa.

KUHUSU KAULI YA BIBI

Bibi tunamheshimu, na hofu yake ina asili yake: anaogopa mjukuu asivunjike mkono. Hofu hiyo ina jawabu, nalo ni helmeti, uwanja tambarare na traki inayomtii mtoto. Ama kuwa mchezo huu ni wa wavulana, mambo yaliyotokea yasema vingine. Mchezo huu ulipoingizwa katika Olimpiki kwa mara ya kwanza, katika mashindano ya Tokyo yaliyofanyika mwaka 2021, dhahabu ya wanawake ya mtindo wa barabarani ilichukuliwa na Momiji Nishiya wa Japani, na fedha na Rayssa Leal wa Brazil. Wote wawili walikuwa na umri wa miaka 13. Katika mtindo wa uwanjani, fedha ilichukuliwa na Kokona Hiraki wa Japani, mwenye miaka 12. Hao ni wasichana wadogo wa umbo.

Na wapo walio karibu nasi zaidi kwa desturi. Mwaka 2007, mjini Kabul, kulianza kazi ya kuwafundisha watoto wa Afghanistan mchezo huu pamoja na masomo, chini ya jina la Skateistan. Wasichana walitengewa siku zao, wakafundishwa na walimu wa kike. Filamu fupi ya makala kuhusu wasichana hao ilipata tuzo ya Oscar mwaka 2020. Katika ukanda wetu, vijana wa Kitintale jijini Kampala walianza kujijengea uwanja wao mwaka 2006.

Hatusemi kwamba kila binti lazima apande skeitibodi. Mzazi ndiye ajuaye nyumba yake, na mtoto asiyependa asilazimishwe. Tunachosema ni kwamba akikatazwa, akatazwe kwa sababu iliyopimwa, isiwe kwa sababu ya nati ambayo hakuna aliyeitazama. Mtoto wa miaka 9 akiambiwa hawezi, hawekei maneno hayo kwenye ubao peke yake. Huyachukua hadi kwenye hesabu, kuogelea na kushona. Spana moja na robo mzunguko huenda ndiyo gharama yote ya kumwondolea mzigo huo.

Wabillahi at-tawfiq.